Safari ya Pili: Kurejea Mashambani katika Riwaya ya Afrika Mashariki, kwa Mtazamo wa Ruring'u

1.0 Utangulizi

Safari ya kutoka kijijini kwenda mjini ni miongoni mwa misuko iliyozoeleka sana katika riwaya ya Afrika Mashariki. Kijana anaaga wazazi, anapanda basi, anafika mjini, na huko ama anapotoka ama anapotezwa. Wahakiki wameijadili safari hiyo kwa mapana na marefu, na hapana mwanafunzi wa fasihi anayemaliza shahada yake bila kuiandikia insha. Safari ya pili, yaani ile ya mtu mzima kuuhama mji mkubwa na kwenda kuishi mashambani, haijapewa uzito huo. Hata hivyo, katika maisha ya kila siku hii ni safari ya watu wengi: mstaafu, mtu aliyeachishwa kazi, mjane, binti aliyeachika, na hata kijana aliyechoshwa na kodi ya nyumba.

Makala haya yanakusudia kutetea hoja moja. Tunaona kwamba riwaya zetu nyingi huichukulia safari ya pili kuwa hitimisho la kisa na wala si mwanzo wa kisa kingine. Na kwamba uhakiki wetu umelikuza kosa hilo kwa kuamini, bila kuchunguza, kuwa mji ni kitu kipya na kijiji ni kitu cha kale. Ili kuipima hoja hii tumechagua kusimama mahali pamoja, Ruring'u, viungani mwa mji wa Nyeri, na kuzitazama riwaya kutoka hapo. Hatudai kwamba kazi tutakazozitaja zinaihusu Ruring'u. Baadhi zimewekwa Ukerewe, nyingine katika vijiji vya kubuni. Tunachodai ni kwamba mahali hapa, kwa historia yake na kwa hali yake ya kutokuwa mji kamili wala shamba kamili, panatuwezesha kuona lile ambalo mgawanyo wa mji na kijiji hulificha.

2.0 Kijiji Kilicho Kichanga Kuliko Mji

Uhakiki wa motifu ya safari katika fasihi yetu hutegemea jozi ya dhana zinazopingana. Upande mmoja upo mji, ambao ni ugeni, fedha na upotovu; upande wa pili kipo kijiji, ambacho ni asili, undugu na maadili. Mhusika arejeapo kijijini, basi amerejea kwenye asili. Methali isemayo mwacha asili ni mtumwa hutajwa darasani kama kwamba imelimaliza suala lote.

Tukiitazama Nyeri kihistoria, jozi hii inavunjika. Nairobi ilianza mwaka 1899 ikiwa kituo cha reli. Mji wa Nyeri ulianza mwaka 1902 ukiwa kituo cha kijeshi cha Waingereza. Lakini kijiji cha Nyeri, kwa maana ya nyumba nyingi zilizopangwa pamoja kwa safu, hakikuwapo miaka hiyo. Wagĩkũyũ waliishi katika maboma yaliyotawanyika migongoni mwa vilima, kila mbari juu ya ardhi yake. Kijiji kilikuja kwa amri ya serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari. Kati ya mwaka 1954 na 1955 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa vimezungushiwa mahandaki na kulindwa na askari. Hivyo basi, kijiji ambacho mhakiki hukiita asili ni kichanga kuliko Nairobi kwa miaka 55.

Lugha yenyewe inashuhudia jambo hili. Mgĩkũyũ akitaka kusema kijiji husema gĩcagi, na sikio la Mswahili halikosi kulisikia neno kijiji ndani yake. Vijana wa Nairobi nao, wakizungumza Sheng, husema wanakwenda ushago, neno ambalo kwa sauti zake halionekani kuwa mbali na gĩcagi. Ikiwa ndivyo, hata jina la mahali pa kurejea ni jina lililosafiri.

Aidha, uhamiaji mkubwa wa kwanza wa watu kutoka Nairobi kwenda Nyeri na wilaya jirani haukuwa wa hiari. Tarehe 24 Aprili 1954 jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wagĩkũyũ, Waembu na Wameru walikamatwa kwa maelfu. Wengi wao walipelekwa vizuizini, na wengine, wakiwemo wanawake na watoto, wakasafirishwa kwa ulinzi hadi maeneo yaliyotengewa makabila yao. Mwaka huohuo ulianza kutekelezwa Mpango wa Swynnerton, ambao uliharakisha kuunganishwa kwa vipande vya ardhi na kuandikishwa kwa hatimiliki za mtu binafsi. Kazi hiyo iliendelea wakati ambapo wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni, na wapo waliotoka huko wakakuta mipaka imekwisha kuchorwa bila wao.

Hapa ndipo Ruring'u inapoingia katika hoja yetu. Mwezi Desemba mwaka 1963, mara baada ya uhuru, wapiganaji waliokuwa bado msituni walijitokeza katika uwanja wa Ruring'u na kusalimisha silaha zao. Kwa kawaida tukio hili husimuliwa kama mwisho wa vita. Kwa mtazamo wa fasihi lilikuwa mwanzo wa tatizo la usimulizi. Mtu anatoka msituni anaambiwa arudi nyumbani, lakini shamba lake limeandikishwa kwa jina la mwingine na boma lake limegeuzwa safu katika kijiji. Je, kurejea kwake kunaitwaje? Riwaya yetu imelijibu swali hili kwa nadra.

Tatizo si letu peke yetu. Raymond Williams, katika kitabu chake The Country and the City cha mwaka 1973, alionyesha kwamba kila kizazi cha waandishi wa Uingereza kiliamini kuwa shamba la kweli lilikuwapo katika kizazi kilichotangulia, na kila kizazi kilichotangulia nacho kiliamini hivyohivyo. Tofauti yetu ni kwamba sisi tunaijua tarehe. Hatuhitaji kurudi nyuma bila kikomo. Tunahitaji kurudi hadi mwaka 1954.

3.0 Kurejea kama Hitimisho

Tuanze na E. Kezilahabi, kwa kuwa ndiye aliyeitafakari safari ya pili kwa uchungu mwingi zaidi katika riwaya ya Kiswahili. Katika Rosa Mistika (1971), Rosa anatoka Ukerewe kwenda masomoni. Maisha ya nje ya nyumbani yanamwumba upya, na kisa kinaishia katika kujiua. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayefika kwao Ukerewe akiwa na macho mapya, na macho hayohayo ndiyo yanayomtenga na watu wake. Yeye pia anajiua. Kazi hizi mbili zimehakikiwa mara nyingi kwa mkabala wa udhanaishi, na mkabala huo una haki yake. Hata hivyo, tukiuacha kando kwa muda, tunaona jambo la kimsuko lililo wazi: mrejeaji hapewi nafasi ya kuishi. Kezilahabi anaonyesha kwa ustadi kwamba elimu imemfanya mhusika kuwa mgeni nyumbani, lakini anakiona kifo kuwa matokeo pekee ya ugeni huo. Maswali madogo ya kuishi, yaani atalima wapi, atakula nini, nani atamwamini, hayapati muda wa kuulizwa.

Katika riwaya ya Kiingereza ya Kenya hali haiko mbali. Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, mji ulio upande wa pili wa barabara za Mlima Kenya ukitoka Nyeri, alichapisha Kill Me Quick mwaka 1973. Mhusika wake Meja anafika karibu na kwao, anakutana na dada yake mdogo, kisha anageuka na kurudi mjini kwa kuwa hana cha kuwaonyesha wazazi waliojinyima ili asome. Onyesho hili ni fupi, lakini kwa maoni yetu ndilo lililobeba uzito wa riwaya nzima. Linafichua sharti ambalo halisemwi: kurejea kunaruhusiwa kwa mtu aliyefanikiwa tu. Aliyeshindwa na mji hana mlango wa kuingilia kwao. Kwa hiyo mji unakuwa gereza ambalo ufunguo wake umeshikwa na kijiji.

Kama aliyeshindwa hawezi kurejea akiwa hai, upo mrejeo mmoja ambao jamii haimnyimi mtu yeyote, nao ni wa jeneza. Kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno ililiweka jambo hili wazi mbele ya taifa. Otieno alifariki Desemba 1986 baada ya kuishi na kufanya kazi Nairobi kwa miaka mingi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi. Ukoo wake ukataka azikwe Siaya. Mvutano ulidumu kwa miezi, na mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi. Kilichobishaniwa mahakamani kilikuwa swali la kifasihi pia: nyumbani ni mahali mtu anapoishi au mahali anapozikwa? Riwaya zetu, kwa kumrejesha mhusika kijijini ili afe, zimekuwa zikitoa hukumu hiyohiyo kabla ya mahakama na baada yake.

Kwa upande wa Kiswahili ipo sababu nyingine ya kihistoria. Lugha hii ilikomaa katika miji ya pwani, ambako mji ulikuwa makao ya uungwana na shamba lilikuwa mahali pa kazi, mara nyingi kazi ya watumwa. Mtu alikwenda shamba kwa shughuli, kisha akarudi mjini kwake. Riwaya ya Kiswahili ilipoingia bara ilikutana na jamii ambazo kwao shamba ndilo heshima na mji ndio kibarua. Haikuwa rahisi kwa msamiati uliolelewa Lamu na Unguja kumsimulia mtu anayeuacha mji ili apate utu wake shambani. Hatusemi kwamba haiwezekani. Tunasema kwamba mwandishi anayejaribu anaandika dhidi ya mazoea ya lugha yake.

4.0 Kurejea kama Mwanzo

Zipo kazi zilizothubutu kuanzia pale nyingine zilipoishia. Ya kwanza ni A Grain of Wheat (1967) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Gikonyo anatoka kizuizini baada ya miaka sita na kutembea hadi Thabai. Thabai anayoifikia si ile aliyoiacha; ya zamani iliteketezwa, na hii ni kijiji cha Hali ya Hatari. Mkewe Mumbi amezaa mtoto na Karanja. Ngũgĩ hamwui Gikonyo. Anampa useremala, biashara ndogo, uchungu wa ndoa, na mpango wa kununua shamba la Mzungu pamoja na wenzake. Kwa ajili ya mpango huo Gikonyo anasafiri hadi Nairobi kumtafuta mbunge, naye mbunge anawazunguka na kulichukua shamba yeye mwenyewe. Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba hatima ya shamba inaamuliwa katika ofisi ya mjini. Anayedhani ameuacha mji kwa kurejea nyumbani ataukuta unamsubiri kwenye daftari la mikopo.

Hoja hiyo inapanuliwa katika Petals of Blood (1977). Munira, Abdulla, Wanja na Karega wote ni watu waliofika Ilmorog kutoka kwingineko, kila mmoja akiwa na la kukimbia. Hii ni riwaya ya uhamiaji wa mashambani kwa maana kamili. Mwanzoni Ilmorog inaonekana kuwa kimbilio, lakini ukame unawalazimisha wanakijiji kutembea hadi mjini kumtafuta mbunge wao. Baadaye barabara kuu inafika, mikopo ya benki inafika, kiwanda cha pombe kinafika, na Nyakinyua, bibi yake Wanja, ananadiwa shamba lake. Wahamiaji wanne hawakurudi mjini. Mji ndio uliowafuata. Kwa kufanya hivyo Ngũgĩ anaiondoa ile dhana ya kwamba mashambani ni nje ya uchumi wa taifa.

Hatimiliki yenyewe inakuwa kifaa cha jukwaani katika Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyoigizwa Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 na inayojulikana kwa wasomaji wa Kiswahili kama Nitaolewa Nikipenda. Kĩgũũnda ana ekari moja na nusu, na hati yake imetundikwa ukutani. Hadhira ya Kamĩrĩĩthũ haikuhitaji kuelezwa maana ya karatasi ile, kwani Kamĩrĩĩthũ nayo ni kijiji kilichozaliwa katika Hali ya Hatari.

Kwa Kiswahili tuna Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi, ambamo wasomi Mamboleo na Mambosasa wanakabiliana na maisha ya vijiji vya ujamaa. Hapa kurejea ni mwanzo, lakini ni mwanzo ulioandikwa na dola. Tanzania iliwahamishia watu wengi katika vijiji vya maendeleo miaka ya 1973 hadi 1976, na riwaya inaonyesha pengo lililokuwapo kati ya hotuba na jembe. Ukiisoma kutoka Nyeri, hutakosa kuona mshabaha usiofurahisha. Serikali ya kikoloni Kenya na serikali ya kijamaa Tanzania zilitofautiana kwa nia, na tofauti hiyo si ndogo. Lakini zote mbili ziliamini kwamba kijiji ni kitu kinachoweza kuchorwa ofisini kisha watu wakaletwa.

5.0 Binti Arejee Wapi?

Hadi hapa mrejeaji wetu amekuwa mwanamume kwa sehemu kubwa. Hali hiyo haikutokea kwa bahati. Katika jamii inayorithisha ardhi kwa upande wa baba, mwana wa kiume anaporejea anadai fungu lililokuwa likimngoja. Binti anaporejea, fungu lake liko wapi? Kwa desturi yeye alitarajiwa kuwa kwa mumewe. Sheria ya Urithi ya Kenya, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haiwabagui watoto wa kike, na Katiba ya mwaka 2010 imeutilia nguvu usawa huo. Lakini baina ya sheria na uzio wa shamba wapo kaka, wapo wajomba, na pengine ipo hati ambayo bado ina jina la babu aliyefariki zamani.

Kwa mtazamo huu, uamuzi wa Ngũgĩ wa kumpeleka Wanja kwa bibi yake, na si kwa baba yake, una maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Wanja anaingia Ilmorog kwa mlango wa kike. Anapolikomboa shamba la Nyakinyua analikomboa kwa fedha zake, na riwaya haituruhusu kusahau kwamba anaendelea kuilipa gharama yake kwa mwili wake. Mhakiki anayemsoma Wanja kama ishara ya taifa lililonajisiwa anaweza kulipita jambo hili lililo dhahiri: yeye ni mwanamke anayetafuta mahali pa kuishi pasipo kuolewa. Rosa hakupata mlango wa namna hiyo. Tunadhani tofauti kati ya mwisho wa Rosa na uhai wa Wanja inaelezwa kwa kiasi kikubwa na suala la ardhi, si la maadili peke yake.

6.0 Ruring'u kama Mandhari

Je, riwaya ya safari ya pili ingehitaji kujua nini? Turudi tulikoanzia. Ruring'u iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wa Nyeri, na Nairobi iko umbali wa kilomita zipatazo 150 kwa barabara. Anayehamia upande huu hajaingia katika kijiji cha vitabuni. Amekuja mahali ambapo vyumba vya kupangisha na vishamba vya mahindi vinaweza kukaa ubavu kwa ubavu, ambapo jirani mmoja ana ng'ombe wa maziwa na mwingine anafanya kazi ya ofisini.

Uhalisia wa mahali kama hapa uko katika mambo yasiyo na fahari. Shamba la baba limegawanywa kwa wana, na fungu la mrejeaji halimlishi. Malipo ya kahawa hayaji kila mwezi kama mshahara. Michango ya matanga na arusi haina kikomo, na asiyechanga hajulikani. Jamaa wanamhesabia mali asiyo nayo kwa kuwa alitoka Nairobi. Kiinua mgongo kinaisha katika kujenga nyumba ya kuwaridhisha watu. Watoto waliolelewa kwa Kiswahili cha Nairobi hawaelewani vizuri na nyanya yao. Baridi ya Julai inamkuta mtu ambaye mwili wake umekwisha kuisahau. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kifo ili liwe kisa.

Msomaji anaweza kupinga kwamba fasihi si ripoti ya afisa wa kilimo, na kwamba msanii halazimiki kuorodhesha bei ya maziwa. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini hatudai orodha. Tunadai kwamba mgogoro wa kisanaa umo ndani ya mambo hayo, kama vile Ngũgĩ alivyouona mgogoro ndani ya karatasi iliyotundikwa ukutani. Riwaya ya mjini haikuona haya kueleza kodi ya chumba na foleni ya kibarua. Tumeisifu kwa uhalisia wake. Hatuna sababu ya kuinyima safari ya pili uhalisia uleule.

Ipo pia hatari ya upande wa pili, ile ya kuipamba Nyeri. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alihamia Nyeri mwaka 1938, akafariki huko mwaka 1941 na kuzikwa huko, mbele ya mlima alioupenda. Kwa mtu wa aina yake Nyeri ilikuwa mandhari ya kupumzikia. Leo mtazamo huo umerithiwa na matangazo ya viwanja vya kuuza. Mwandishi anayeugeuza mlima kuwa picha ya ukutani anaurejea mtazamo wa mgeni, hata kama yeye ni mwenyeji.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mgawanyo wa mji mpya na kijiji cha kale hausimami mbele ya historia ya Nyeri. Kwamba riwaya zilizoukubali mgawanyo huo zimemrejesha mhusika ili afe au ageuke njiani. Na kwamba zile zilizoukataa, hasa A Grain of Wheat na Petals of Blood, zimefanya hivyo kwa kuitazama ardhi, hati na mkopo. Tumeonyesha pia kwamba swali la binti arejeaye lingali karibu kuwa jeupe.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa jarida hili kwa namna ya pekee. Mwaka 2020, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi mwanzoni mwa Julai, serikali ilizuia watu kutoka na kuingia Nairobi kwa sababu ya korona. Wengi walioachwa bila kazi waligundua wakati huo kwamba njia ya nyumbani inaweza kufungwa, na ilipofunguliwa wapo waliokwenda wasirudi. Baadhi yao ni wazazi wa wanafunzi tunaowafundisha. Tunapowapa wanafunzi hao insha juu ya safari ya kijana kwenda mjini, na kuwaachia methali moja kuhusu kurejea, tunawafundisha kwamba maisha ya wazazi wao yamekwisha. Ingefaa tuwape swali jingine: wamsome Gikonyo tangu siku anapoingia Thabai, na kuhesabu ni kurasa ngapi amepewa za kuishi huko; kisha wafanye vivyo hivyo kwa Kazimoto. Hesabu hiyo ndogo ingekuwa mahali pazuri pa kuuanzia uhakiki wa safari ya pili.